Uainishaji wa Kifua Kikuu cha Ngozi: Njia ya Maambukizi, Kinga ya Mwili na Wingi wa Vimelea

Utangulizi

Jina la Kiswahili la ugonjwa unaosababishwa na Mycobacterium tuberculosis limeshikamana na kifua, jambo linaloeleweka kwa kuwa mapafu ndiyo makao makuu ya ugonjwa huo. Hata hivyo, jina hilo huleta ukinzani pale ugonjwa unapojitokeza kwingine. Istilahi “kifua kikuu cha ngozi” hutaja sehemu mbili za mwili kwa pamoja, na mgonjwa asiyekohoa huona vigumu kuamini kuwa donda lililo mguuni mwake lina uhusiano wowote na kifua. Ukinzani huo haumkabili mgonjwa peke yake. Mhudumu wa afya aliyezoea kuulizia kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito anaweza kumpa mgonjwa wa ngozi dawa ya fangasi, kisha antibiotiki, kisha dawa ya fangasi tena, hadi miezi ikawa miaka. Katika makala haya ufupisho TB unatumika sambamba na jina kifua kikuu, hasa pale ambapo kulitaja kifua kungepotosha maana.

TB ya ngozi ni adimu. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 ya TB yote inayotokea nje ya mapafu. Uadimu huo, ukijumlishwa na wingi wa sura zake, ndio unaoufanya uainishaji kuwa suala la kitabibu na si la kimaandishi tu. Kimelea ni kimoja na ngozi ni moja, lakini matokeo yanaweza kuwa bamba lisilouma linalodumu miaka mingi bila kumzuia mtu kufanya kazi, au vidonda vya kinywani vinavyoashiria kuwa mwili umekwisha kushindwa. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kuzipanga aina hizo kwa kufuata njia ya maambukizi pekee hakutoshi. Mpangilio huo unapaswa kusomwa pamoja na hali ya kinga na wingi wa vimelea, kwa kuwa hapo ndipo inapojulikana ni kipimo kipi kiaminiwe na kipi kisiaminiwe.

Majina yaliyotangulia kimelea

Sehemu kubwa ya majina ya TB ya ngozi ni ya zamani kuliko ujuzi wa chanzo chake. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa kimelea mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kabla ya hapo, madaktari wa Ulaya waliyapa maradhi ya ngozi majina kwa kutazama umbo lake. Lupusi, kwa mfano, ni neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu. Lilitumika kwa vidonda vilivyoonekana kuutafuna uso. Mwaka 1826 Laennec, tabibu wa Ufaransa aliyevumbua stetoskopu, alieleza uvimbe unaofanana na chunjua unaowapata wapasuaji wa maiti. Mwaka 1861 Bazin alieleza vinundu vya muundi ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba walikuwa wakiuzungumzia ugonjwa mmoja.

Urithi huo una gharama. Orodha ya majina inayotumika sasa imechanganya vigezo vitatu: umbo la kidonda, mahali kilipo, na jina la aliyekieleza. Tatizo linazidi pale lupusi vulgarisi, ambayo ni TB, inapochanganywa na lupusi erithematosi, ambayo ni ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Dawa za kupunguza kinga zinazomsaidia mgonjwa wa lupusi ya pili zinaweza kumdhuru vibaya mgonjwa wa lupusi ya kwanza. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hana budi kulitaja jina kamili kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Njia ambazo kimelea hupitia

Mpangilio unaotumika zaidi ni ule uliopendekezwa na Beyt na wenzake mwaka 1981, ambao huuliza swali moja: kimelea kilifikaje kwenye ngozi? Kinaweza kutoka nje ya mwili, kinaweza kutoka ndani kwa kuenea kutoka kiungo cha jirani au kwa mgonjwa kujiambukiza mwenyewe, na kinaweza kuletwa na damu.

Maambukizi ya kutoka nje huhitaji mpasuko, kwa sababu kimelea cha TB hakina uwezo wa kupenya ngozi nzima. Mchubuko, sindano, chale au kutoga masikio hutosha. Kinachotokea baadaye hutegemea iwapo mwili umewahi kukutana na kimelea hicho. Kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa, mara nyingi mtoto, kinundu hutokea wiki mbili hadi nne baada ya kimelea kuingia, kisha hupasuka na kuwa kidonda kisichouma, na baada ya wiki kadhaa tezi za eneo hilo huvimba. Hiki huitwa kidonda cha maambukizi ya kwanza. Kwa mtu ambaye mwili wake ulikwisha kujenga kinga, kimelea kilekile kikipita kwenye mpasuko uleule huzaa bamba gumu lenye umbo la chunjua, linalokua polepole pembeni huku likipona katikati, na tezi kwa kawaida hazivimbi. Hii ndiyo TB ya chunjua, ambayo Laennec aliieleza, na ambayo huwapata pia wachinjaji na wauza nyama wanaoshika mizoga ya ng'ombe wagonjwa.

Tofauti hiyo kati ya mwili mgeni na mwili uliozoea ilithibitishwa na Koch mwenyewe kwa kutumia simbilisi mwaka 1891. Simbilisi aliyechomwa vimelea kwa mara ya kwanza alipata kinundu baada ya siku kumi hivi, kikawa kidonda kisichopona hadi mnyama alipokufa. Simbilisi aliyekuwa ameambukizwa wiki kadhaa kabla, akichomwa tena mahali pengine, ngozi ya mahali pale ilikufa ndani ya siku chache, ikabanduka na kupona. Jaribio hilo ni la zamani, lakini hakuna maelezo mafupi zaidi yanayoonyesha kwa nini njia moja ya maambukizi huzaa magonjwa mawili yasiyofanana.

Katika kundi la pili, aina inayokutwa zaidi ni skrofuloderma, yaani TB inayotoka kwenye tezi, mfupa, kiungo au korodani iliyo chini ya ngozi na kujitoboza kuelekea nje. Huanza kama mtoki wa shingo, kwapa au kinena usiouma na usio na joto. Mtoki hulainika, ngozi juu yake hugeuka rangi, kisha hupasuka na kutoa usaha mwepesi wenye chembechembe. Tundu moja likikaribia kufunga, jingine hufunguka. Kwa kuwa uvimbe huo hauna dalili za jipu la kawaida, umeitwa jipu baridi, na ubaridi huo ndio unaopaswa kumtia shaka daktari kabla hajashika kisu. Jipu la kawaida likipasuliwa hupona. Jipu baridi likipasuliwa bila dawa za TB hubaki na tundu linalotiririka, na mara nyingi mgonjwa hurudi akiambiwa kuwa kidonda hakikutunzwa vizuri.

Skrofuloderma ya shingo ina jambo jingine linalostahili kuzingatiwa katika Afrika Mashariki. Mycobacterium bovis, jamaa wa karibu wa kimelea cha TB ya binadamu, hukaa kwa ng'ombe na huweza kumfikia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, na kwa kuwa hupitia kinywani na kooni, tezi za shingo ndizo hupokea mzigo wa kwanza. Kazwala na wenzake walichapisha mwaka 2001 taarifa za kutenganisha kimelea hicho kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania waliokuwa na uvimbe wa tezi za shingo. Umuhimu wake ni wa kimatibabu: M. bovis kwa asili ni sugu kwa pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za awamu ya kwanza ya matibabu. Mashine ya GeneXpert hutambua familia nzima ya vimelea hivyo bila kumtaja ndugu yupi yupo, hivyo jibu lake la “TB imeonekana” halimalizi swali kwa mfugaji mwenye tezi zilizopasuka.

Aina nyingine ya kundi hili ni TB ya matundu ya mwili. Mgonjwa mwenye TB kali ya mapafu, utumbo au njia ya mkojo huvipitisha vimelea kwa wingi kwenye kinywa, njia ya haja kubwa au sehemu za siri, navyo huota mahali ngozi inapokutana na utando laini. Vidonda vyake ni vidogo na vina maumivu makali, kinyume cha aina nyingine nyingi. Kuonekana kwake ni dalili mbaya, kwa sababu huashiria ugonjwa uliokomaa ndani na kinga iliyochoka.

Kundi la tatu ni la vimelea vinavyosafirishwa na damu. Hapa kuna TB ya punje, inayotokea hasa kwa watoto wachanga na kwa watu wenye upungufu mkubwa wa kinga, wakiwamo wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa. Jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kilatini la nafaka ndogo ya jamii ya uwele. Kwa sadfa, neno uwele katika Kiswahili hubeba maana ya nafaka na ya maradhi pia. Katika kundi hilohilo yamo majipu ya TB yanayozuka mbali na kiungo chochote kilichougua, kwa kawaida kwenye mikono, miguu au kiwiliwili cha mtu aliyedhoofu kwa utapiamlo.

Lupusi vulgarisi ndiyo inayouvuruga mpangilio huu. Inaweza kuletwa na damu, inaweza kupitia mirija ya limfu, inaweza kuchipuka juu ya kovu la skrofuloderma, inaweza kuanzia kwenye mpasuko wa nje, na kwa nadra imeonekana mahali palipochanjwa BCG. Ugonjwa unaoweza kuingia kwa milango yote hauwezi kuelezwa na mlango. Kwa hiyo kuiweka lupusi vulgarisi katika kundi la damu, kama vitabu vingi vinavyofanya, ni mapatano tu ya wanaoandika vitabu.

Kinga na wingi wa vimelea

Mhimili wa pili wa uainishaji hauulizi kimelea kilipita wapi bali kimebaki kiasi gani. Wazo hilo si geni kwa anayefahamu ukoma. Ridley na Jopling mwaka 1966 waliupanga ukoma kama mstari wenye ncha mbili: upande mmoja kinga imara na vimelea vichache, upande wa pili kinga dhaifu na vimelea vingi. TB ya ngozi nayo inaweza kupangwa vivyo hivyo. Lupusi vulgarisi na TB ya chunjua huangukia upande wa vimelea vichache. Kidonda cha maambukizi ya kwanza, TB ya matundu, TB ya punje na majipu ya kusambaa huwa upande wa vimelea vingi. Skrofuloderma kwa kawaida huwekwa upande huo wa pili ingawa kipimo cha tuberkulini cha wagonjwa wake huwa chanya mara nyingi, ishara kwamba kinga haijalala. Mstari ni mstari. Si kila mgonjwa husimama kwenye ncha.

Kuna tofauti moja na ukoma isiyopaswa kusahauliwa. Katika ukoma, wingi wa vimelea umetumika kuamua muda wa matibabu. Katika TB ya ngozi dawa ni zilezile: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4, isipokuwa pale usugu au kuhusika kwa mfupa kunapolazimu mabadiliko. Basi kwa nini kuhesabu vimelea? Kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayofasiri majibu ya maabara.

Mgonjwa wa lupusi vulgarisi akikatwa kipande cha ngozi, darubini mara nyingi haioni kimelea hata kimoja. GeneXpert nayo inaweza isione kitu. Uoteshaji, unaoweza kusubiriwa hadi wiki 8, unaweza kutoka mtupu. Kipimo cha tuberkulini, kinyume chake, huwa chanya kwa nguvu, na mpatholojia huona granuloma zilizojengeka vizuri. Majibu hayo yakikabidhiwa kwa daktari asiyejua mgonjwa wake yuko upande gani wa mstari, “hakuna vimelea” hugeuka kuwa “hakuna TB”. Ilhali katika aina hii uchache wa vimelea ni sehemu ya ugonjwa wenyewe: kinga imevipunguza kiasi cha kutoonekana, na ni kinga hiyohiyo inayoendelea kuharibu ngozi. Mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa jibu hasi anaweza kupoteza gegedu la pua au sikio, na bamba lililodumu miaka mingi linaweza kuzaa saratani ya ngozi. Niels Finsen, tabibu wa Denmark aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, alitunukiwa kwa kuitibu lupusi vulgarisi kwa mwanga. Ukubwa wa tuzo hiyo unaonyesha jinsi nyuso zilizoharibiwa zilivyokuwa jambo la kawaida Ulaya kabla ya antibiotiki.

Kwa mgonjwa wa TB ya punje mambo hugeuka. Vimelea vimejaa kwenye sampuli, lakini tuberkulini inaweza kuwa hasi kabisa kwa kuwa mwili umeacha kuitikia. Kipimo kilichokuwa shahidi mwaminifu kwa mgonjwa wa kwanza ni shahidi wa uongo kwa huyu.

Kuhusu kutambua kwa macho, vitabu hufundisha kuwa lupusi vulgarisi ikibanwa kwa kioo huonyesha rangi ya jeli ya tofaa. Dalili hiyo ilielezwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kwa shida au haionekani, na mwanafunzi anayeisubiri atasubiri bure. Aidha, picha za Ulaya huonyesha uso, wakati katika nchi za joto ugonjwa huu huonekana pia mara nyingi kwenye makalio na miguu, mahali panapokutana na ardhi na michubuko. Palipo na bamba la muda mrefu mguuni, fangasi wa kromoblastomaikosisi huweza kufanana kabisa na TB ya chunjua. Ukoma hutofautishwa kwa ganzi yake. Leishmania ya ngozi inajulikana katika maeneo ya Mlima Elgon. Na kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda lililo kando ya Mto Nile, husababishwa na kimelea cha jamii hiyohiyo ya maikobakteria. Kipande cha ngozi kilichokatwa vizuri na kugawanywa mara mbili, nusu kwa mpatholojia na nusu kwa uoteshaji, huokoa muda kuliko tiba tatu za kubahatisha.

Tuberkulidi

Mwaka 1896 Darier alipendekeza jina tuberkulidi kwa milipuko ya ngozi isiyo na vimelea vinavyoonekana lakini inayowapata watu wenye TB mahali pengine mwilini. Humo zimo likeni skrofulosoramu, yenye vipele vidogo visivyowasha kwenye kiwiliwili cha watoto; tuberkulidi ya vipele vinavyooza katikati na kuacha makovu; na vinundu vya Bazin vya nyuma ya miundi, hasa kwa wanawake. Maelezo ya kawaida ni kwamba vipande vya vimelea vilivyosafirishwa na damu huamsha kinga kali kwenye ngozi. Mmenyuko mnyororo wa polimerasi umeonyesha chembe za urithi za kimelea katika baadhi ya sampuli na kuzikosa katika nyingine, hivyo mjadala kama hizi ni TB ya ngozi au ni mwitikio tu wa TB haujafungwa. Kwa mgonjwa jibu halibadilishi jambo la msingi: tuberkulidi ni sababu ya kutafuta TB kwenye tezi, mapafu na kwingineko, na vipele huisha kwa dawa za TB.

Aina zinazopotea kwenye rejesta

Uainishaji wa tatu haumo vitabuni mwa magonjwa ya ngozi, nao ndio unaoamua kile ambacho watafiti watakikuta baadaye. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani, kila mgonjwa huandikwa kuwa na TB ya mapafu au ya nje ya mapafu. Mwenye zote mbili huhesabiwa katika TB ya mapafu, na TB ya punje nayo huhesabiwa humo kwa sababu mapafu huwa yameguswa.

Matokeo yake hayaonekani mpaka mtu ajaribu kuhesabu. Mgonjwa wa lupusi vulgarisi mwenye mapafu salama ataingia kwenye safu ya nje ya mapafu, pamoja na TB ya uti wa mgongo, ya utando wa moyo na ya tumbo. Mgonjwa wa TB ya matundu, ambaye karibu daima ana ugonjwa mkubwa ndani, ataingia kwenye safu ya mapafu iwapo chanzo ni mapafu, na vidonda vyake havitaacha alama yoyote. Kwa maneno mengine, aina zenye vimelea vingi, ambazo ndizo hatari zaidi, zina uwezekano mkubwa zaidi wa kufutika, na takwimu zinazobaki zinauonyesha ugonjwa wa ngozi kuwa mpole kuliko ulivyo. Vilevile, kwa kuwa rejesta hutenganisha wagonjwa waliothibitishwa kwa vimelea na waliogunduliwa kwa uamuzi wa daktari, wagonjwa wengi wa vimelea vichache huishia katika kundi la pili, ambalo wakaguzi huelekea kulitilia shaka.

Mtafiti anayekusudia kuchunguza TB ya ngozi kwa kutumia rejesta za kliniki za TB pekee atakosa wagonjwa kwa namna ambayo haiwezi kusahihishwa kwa kuongeza ukubwa wa sampuli. Vitabu vya maabara ya patholojia na kumbukumbu za kliniki za ngozi, ikiwemo ile ya Moshi ambako madaktari na maofisa tabibu wa ngozi wa kanda wamekuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1990, hubeba taarifa ambazo rejesta imeziacha: mahali kidonda kilipo, muda kilichodumu, na kile mpatholojia alichokiona kabla mtu yeyote hajaamua mgonjwa aandikwe safu ipi.